Kaya 84 na rejesta moja: vijana wanapokabidhiwa kazi halisi ya afya na elimu vijijini

Chapisho la 1
Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kwa muda mrefu nimekuwa msomaji tu wa mijadala ya hapa, lakini wiki hii nimekutana na maoni mengi yanayosema kwamba vijana ndio watakaoifikisha nchi kwenye Malengo ya Maendeleo Endelevu ya mwaka 2030, na kila nilipomaliza kusoma nilibaki na swali lile lile: watafanya nini hasa, katika kijiji gani, kwa kaya ngapi, na nani atawauliza kama wamefanya? Nimeona niandike ninayoyajua kwa kuyafanya, ili mjadala upate pa kushika.

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika kijiji kimoja cha kando ya Ziwa Victoria, mkoani Mwanza. Nilianza mwaka 2020 nikiwa na miaka 22, baada ya kumaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani nikimsaidia mama kuanika na kuuza dagaa. Mkutano wa kitongoji ulinichagua, zahanati ikanipa mafunzo ya siku chache, nikakabidhiwa kaya 84, daftari la rejesta, utepe wa kupima mzingo wa mkono wa mtoto, na namba ya simu ya muuguzi. Hivyo ndivyo vitu vyote nilivyoanza navyo.

Hoja yangu ni kwamba mchango wa kijana huonekana pale anapokabidhiwa eneo linalojulikana, watu wanaohesabika, ujuzi wa kuwahudumia, malipo yanayofika, na mtu wa kumwuliza mwisho wa mwezi. Pasipo mambo hayo, tunampa fulana na kofia, tunampeleka kwenye warsha, tunampiga picha, kisha tunaandika kwenye taarifa kwamba vijana wameshirikishwa. Nimehudhuria warsha za namna hiyo zaidi ya kumi, na sikumbuki hata moja iliyoniuliza idadi ya wajawazito waliokuwamo katika kitongoji changu.

Naomba nieleze kazi yenyewe, kwa kuwa wengi huifikiria kuwa ni kupita nyumba kwa nyumba na kusema maneno mazuri. Ninapoingia kwenye kaya huanza kwa kuuliza habari za kila aliyeandikwa humo. Kama kuna mjamzito, naangalia kadi yake ya kliniki nijue amehudhuria mara ngapi, kama anameza vidonge vya kuongeza damu, kama anazijua dalili za hatari, na kama familia imeshaweka akiba na kuamua nani atamsindikiza siku ya kujifungua. Kama kuna mtoto wa chini ya miaka mitano, nampima mzingo wa mkono kwa utepe, naangalia kama chanjo zake zimekamilika, na nauliza anakula nini, si mara ngapi tu. Kama yupo anayetumia dawa za kifua kikuu au za kufubaza makali ya virusi vya UKIMWI, naomba tuzungumze faragha, kwa sababu siri ikivuja mara moja katika kitongoji hakuna kaya nyingine itakayonifungulia mlango. Mwishoni naangalia choo na mahali pa kunawia mikono. Kaya moja hunichukua kati ya dakika ishirini na saa nzima, na kaya yenye mgonjwa huchukua siku nzima.

Mwaka 2023 niliingia katika nyumba ya bibi mmoja nikamkuta mjukuu wake, binti wa miaka 17, mimba yake ikiwa ya miezi minane. Alikuwa ameacha shule akiwa kidato cha pili na hakuwa kwenye rejesta yangu, kwa kuwa alikuwa amefichwa kwa shangazi yake kijiji cha pili. Alilalamika kichwa kinauma tangu jana na macho yanaona ukungu, na uso wake ulikuwa umevimba. Bibi alidhani ni uchovu, akawa amemchemshia majani. Mimi nilikuwa nimefundishwa kwamba dalili hizo zikikaa pamoja zinaweza kuwa mwanzo wa kifafa cha mimba, na kwamba hazingoji kesho. Nilimpigia muuguzi, tukapiga namba 115 ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, ambayo hailipiwi, na kwa kuwa gari la wagonjwa lilikuwa mbali akaitwa dereva wa jamii, kijana wa senta yetu aliyesajiliwa kwa kazi hiyo na ambaye hulipwa na mfumo wenyewe kwa njia ya simu. Binti alifika hospitali usiku ule. Yeye na mtoto wake wako hai.

Wataalamu wa afya ya uzazi huzungumzia ucheleweshaji wa aina tatu unaoua wajawazito: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Aina ya tatu iko mikononi mwa hospitali. Mbili za kwanza ziko kitongojini, na katika kisa hiki zilikatwa na vijana wawili wenye elimu ya kidato cha nne: mmoja alijua dalili, mwingine alikuwa na gari lenye mafuta.

Takwimu za kitaifa zinaonyesha kwamba juhudi hizi zote kwa pamoja zina matunda. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo vya wajawazito kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na utafiti wa mwaka 2022 ukakadiria 104. Vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila vizazi hai 1,000. Lakini vifo vya watoto wachanga katika siku 28 za mwanzo havikusogea sana, vilitoka 25 hadi 24, na siku hizo hasa ndizo ambazo mama amesharuhusiwa kurudi nyumbani, ambako hakuna daktari wala muuguzi. Kila ninapoiona tarakimu hiyo naisoma kama sehemu ya kazi yangu ambayo bado haijafanyika.

Januari 2024 Serikali ilizindua Mpango Jumuishi wa Wahudumu wa Afya Ngazi ya Jamii, unaolenga kuwa na wahudumu 137,294 katika miaka mitano, yaani wawili kwa kila kitongoji na kila mtaa, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, wanaopewa mafunzo ya miezi sita. Neno "jumuishi" lina uzito kuliko linavyoonekana. Kabla ya hapo kila ugonjwa ulikuwa na mtu wake: huyu wa malaria, yule wa kifua kikuu, mwingine wa lishe, kila mmoja na mradi wake na fomu zake, na kaya moja ingeweza kutembelewa na watu watatu ndani ya wiki moja kisha ikakaa miezi sita bila kuona mtu.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma. Nilifanya kazi chini ya mradi ambao sitautaja, na posho yetu ilikatika kwa miezi saba mfululizo. Tulikuwa vijana kumi na wanne katika kata. Waliobaki baada ya miezi hiyo ni watano. Wale tisa hawakuwa wavivu: wawili walikwenda machimboni Geita, mmoja alioa na kuhamia visiwani, mwingine alinunua bodaboda kwa mkopo, na rejesta zao zilibaki kwa mtendaji wa kijiji zikikusanya vumbi. Kila rejesta iliyofungwa ni kaya themanini au tisini ambazo hakuna aliyejua tena nani ni mjamzito. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kuhusu wahudumu hawa, lilishauri walipwe malipo yanayolingana na kazi wanayoifanya. Miezi ile saba ilinionyesha sababu ya ushauri huo.

Karibuni tujadili, hasa wale mliowahi kushika kazi ya namna hii, iwe katika afya au katika elimu.

Chapisho la 2
Mwalimu mstaafu, Ukerewe

Mwanangu, nimekusoma mpaka mwisho na nakupongeza kwa kazi unayoifanya. Hata hivyo niruhusu nikupe upande wa pili, kwa sababu naona kama kizazi chenu kinaanza na posho kabla ya kuanza na kazi.

Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima nilikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja. Wilaya yetu ya Ukerewe ilikuwa miongoni mwa wilaya chache zilizochaguliwa kutangulia kufuta ujinga wa kutojua kusoma, na hapo Mwanza palikuwa na mradi wa UNESCO wa kisomo chenye manufaa, ambao vitabu vyake vilifundisha kusoma kwa kutumia kazi za watu wenyewe: pamba, uvuvi, migomba. Baba yangu alijifunza herufi kwenye kitabu cha namna hiyo akiwa na miaka arobaini na ushee. Taifa zima lilianza na watu wazima takriban theluthi mbili wasiojua kusoma, na majaribio ya mwaka 1975 yakaonyesha wamebaki asilimia 39.

Kisha ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973. Kwa majuma kumi na mawili tulikusanyika kwenye redio ya katibu wa tawi la TANU, tukasikiliza kipindi, tukasoma kijitabu, tukajadili malaria, kichocho, minyoo, kuhara damu na kifua kikuu, na kabla ya kuachana tuliamua kitakachofanyika kabla ya kipindi kingine: nani atachimba choo, nani atafyeka vichaka, nani atachemsha maji. Watu wapatao milioni 2 nchini walishiriki, na viongozi wa vikundi waliofundishwa walikuwa kama 75,000. Mimi nikiwa darasa la nne ndiye niliyewasomea wazee kijitabu, kwa kuwa katika kikundi chetu wasomaji tulikuwa watatu tu.

Nilipomaliza darasa la saba mwaka 1976, Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikuwa limeshaamua kwamba kila mtoto wa umri wa kwenda shule aandikishwe, na walimu hawakutosha. Tukachukuliwa sisi, vijana wa miaka kumi na saba. Asubuhi tulifundisha darasa la kwanza na la pili, mchana tulisoma kwa posta na kwa redio, na mwalimu mkufunzi alitupitia shuleni kutukosoa. Baada ya miaka mitatu tulifanya mtihani. Waliopata ualimu kwa njia hiyo nchini walizidi 35,000. Tulipata posho ndogo, lakini kilichotusukuma ni kwamba nchi ilituhitaji, na tuliiamini.

Kwa nini vijana wa leo wasianze na moyo huo?

Chapisho la 3
Mleta uzi

Mzee wangu, shikamoo. Ninashukuru kwa historia hii. Mama yangu alifundishwa na mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote uliowachukua ninyi, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu.

Naomba kwa heshima nirudi kwenye maneno yako mwenyewe. Umesema kampeni ilikuwa na majuma kumi na mawili yenye ratiba, kijitabu kilichochapwa, kipindi cha redio kwa saa inayojulikana, na kiongozi wa kikundi aliyefundishwa kabla. Umesema mlipokuwa walimu wanafunzi mlikuwa na darasa lenu, masomo ya posta, mkufunzi wa kuwapitia, posho hata kama ni ndogo, na mtihani ambao ukiufaulu unakuwa mwalimu wa kuajiriwa. Kwa maoni yangu moyo mliokuwa nao uliwekewa mahali pa kukaa. Kijana aliyejua kwamba baada ya miaka mitatu atakuwa na cheti na mshahara aliweza kuvumilia miaka hiyo. Kijana wa leo anayejitolea mwaka wa nne bila kuambiwa mwisho wa njia ni wapi anavumilia jambo la aina nyingine.

Kuna jambo moja ambalo ningependa wewe mwenyewe ulisemee, kwa kuwa ulikuwapo. Wapo wanaosema kwamba walimu wale hawakuandaliwa vya kutosha na kwamba ubora wa elimu ulishuka. Nauliza kwa sababu mafunzo ya miezi sita ya wahudumu wa afya yanaweza kukutwa na lawama hiyo hiyo.

Chapisho la 4
Mwalimu mstaafu, Ukerewe

Marahaba, mwanangu. Swali lako ni la haki na nitalijibu bila kuficha.

Tulikuwa na upungufu. Mwaka wa kwanza niliwafundisha watoto hesabu za kugawanya nikiwa nimezikariri usiku uliotangulia. Watu walitutania wakisema UPE maana yake ni ualimu pasipo elimu, na neno lile liliuma kwa sababu siku nyingine lilikuwa la kweli. Mkufunzi alipokuja kila mwezi niliendelea vizuri. Kulipokuwa na shida ya usafiri akakosekana muhula mzima, niliyarudia makosa yale yale nikidhani ndiyo njia sahihi. Kwa hiyo nakubaliana nawe kuhusu msimamizi. Kijana hujifunza kazi akiwa kazini, lakini lazima awepo wa kumwambia amekosea, tena mapema.

Kuhusu posho bado nasimama nilipo, ila sitasema kwamba hatukulipwa, maana tulilipwa.

Chapisho la 5
Mwalimu wa sekondari, Katavi

Ndugu mleta uzi, mimi nafundisha kidato cha pili, na naomba nikuvute kwenye upande wa elimu, kwa sababu yule binti uliyemtaja kwenye chapisho la kwanza ni mwanafunzi wa mtu fulani.

Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwamo waliojifungua, wanaruhusiwa kurudi kwenye shule za mfumo rasmi. Uamuzi huo niliupokea kwa furaha. Lakini ruhusa imewekwa kwenye geti la shule, na binti yuko nyumbani, kilomita tisa kutoka getini, ana mtoto anayenyonya, mama yake anakwenda shamba, na baba amesema hatatoa tena hela ya daftari. Sisi walimu hatuna muda wa kumfuata kila mmoja. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata ujauzito. Ilikuwa asilimia 27 katika utafiti uliotangulia, kwa hiyo kuna nafuu, lakini bado ni zaidi ya msichana mmoja katika kila watano.

Swali langu ni hili: kijana asiye na cheo wala bajeti anaweza kufanya nini hapo? Na yule binti alirudi shule?

Chapisho la 6
Mleta uzi

Mwalimu, ahsante kwa kuuliza habari zake. Hakurudi mwaka ule. Niliporejea kumtembelea mtoto akiwa na miezi minne, alikuwa anataka kusoma lakini hakutaka kukaa tena darasa moja na wanafunzi wadogo kuliko yeye waliomcheka, na bibi yake hakuwa na nguvu za kubaki na mtoto kutwa. Nilikuwa nimemwandika kwenye rejesta kama mama anayenyonyesha. Hakukuwa na safu ya kuandika kwamba ni mwanafunzi aliyeacha shule. Nikaichora mwenyewe kwa kalamu. Hadi mwisho wa mwaka nilikuwa na majina kumi na moja kwenye safu hiyo katika kaya 84, na saba kati yao afisa elimu wa kata hakuwa nao kwenye orodha yake.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la kwanza. Kijana anayepita kila kaya kwa sababu ya chanjo na kliniki anayo taarifa ambayo shule haina, na pia anaaminiwa na mama mwenye nyumba kwa namna ambayo mgeni kutoka wilayani hawezi kuaminiwa. Tulimpelekea afisa elimu majina yale. Baadaye binti huyu alijiunga na kituo cha elimu kwa njia mbadala kinachosimamiwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambako masomo hadi kidato cha nne hufanyika kwa miaka miwili badala ya minne na ambako wenzake wengi nao wana watoto. Hajamaliza bado. Mara mbili amekatiza kwa wiki kadhaa, mara moja kwa sababu ya malaria ya mtoto na mara ya pili kwa sababu ya nauli, na mara zote mbili nilikwenda.

Lakini isidhaniwe kwamba vijana ni wa kutembea na rejesta tu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika vifungu vya 13 na 17, iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, wakati mvulana alitakiwa kufikisha 18, na kwa kibali cha mahakama umri uliweza kushuka hadi 14. Mwaka 2016 mwanasheria kijana, Rebeca Gyumi, mwanzilishi wa Msichana Initiative, alikwenda Mahakama Kuu kuvipinga. Julai mwaka huo majaji watatu walitamka kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaikataa rufaa ya Serikali. Serikali ilikuwa imepewa mwaka mmoja kufanya marekebisho, na miaka minne baada ya hukumu ya Rufani sheria ilikuwa bado haijabadilishwa. Nalitaja jambo hili kwa uchungu, kwa sababu katika kitongoji changu nimeshaambiwa na mzazi kwamba "sheria inaruhusu", na sikuwa na jibu jepesi la kumpa zaidi ya kumweleza hukumu ile kwa maneno yangu.

Chapisho la 7
Mchangiaji, Dar es Salaam

Dada, nakuheshimu kwa moyo wako, lakini nina shaka na mwelekeo wa uzi. Vijana wengi hawatafuti kutembelea kaya. Wanatafuta ajira na mtaji. Hata hao 137,294 wakipatikana wote, ni wachache sana katika nchi iliyohesabiwa watu 61,741,120 kwenye sensa ya mwaka 2022. Halmashauri zina asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba, asilimia 4 ikiwa ya vijana. Kwa nini tusijadili hiyo? Kijana mwenye kipato atajitafutia afya na atawasomesha watoto wake.

Chapisho la 8
Mleta uzi

Kaka, hoja yako ina nguvu na sitaipinga kwa sehemu kubwa. Miongoni mwa yale Malengo ya Maendeleo Endelevu kulikuwa na shabaha ya 8.6, kupunguza kwa kiasi kikubwa idadi ya vijana wasio shuleni, wasio kwenye mafunzo na wasio kazini, na tarehe yake haikuwa 2030 bali 2020. Tarehe hiyo ilishapita, na si wengi wanaoitaja kwenye hotuba.

Kuhusu mikopo, nimewahi kuwa katibu wa kikundi. Tulikuwa vijana wanane, na mpango wetu ulikuwa kutengeneza vichanja vya kukaushia dagaa. Kwa wasioifahamu kazi hii: dagaa wakianikwa mchangani huchukua mchanga na uchafu, mvua moja ikinyesha wanaharibika, na wengi wa namna hiyo huishia kuuzwa kwa bei ya chini kwa ajili ya chakula cha kuku. Wakianikwa juu ya kichanja chenye wavu hukauka upesi, hubaki safi, na bei yake ni tofauti kabisa. Tuliandika andiko, tukasajili kikundi, tukafungua akaunti, kisha Aprili 2023 mikopo ikasimamishwa nchi nzima ili utaratibu wake urekebishwe, baada ya ukaguzi kuonyesha fedha nyingi hazikurejeshwa na vikundi vingine havikuwa halisi. Ilipofunguliwa tena mwaka uliofuata, wanne kati yetu walikuwa wameshaondoka kijijini. Tuliobaki tulichangishana na kujenga vichanja viwili kwa miti na nyavu chakavu. Vinafanya kazi hadi leo.

Nimeeleza kisa hiki ili uone kwamba sitenganishi mtaji na afya. Katika kaya zangu wapo watoto wenye udumavu, ilhali ziwa liko mita mia tatu. Kitaifa udumavu ulishuka kutoka asilimia 34 hadi 30 kati ya tafiti zile mbili, na asilimia 30 maana yake ni watoto watatu kati ya kila kumi. Dagaa safi wakiuzwa kwa bei nzuri, mama hupata hela. Lakini nimeona pia kaya inayouza dagaa wote na kumpa mtoto uji mtupu wa muhogo, kwa kuwa hakuna aliyekaa nao na kuonyesha jinsi ya kusaga dagaa na kuchanganya kwenye uji. Kipato peke yake hakikuifundisha kaya ile. Alihitajika mtu wa kuingia jikoni.

Wapo walioniandikia faragha wakiuliza waanzie wapi katika vijiji vyao. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wake. Vijana wengi hawaendi, wakidhani ni wa wazee. Nendeni mkiwa wawili au watatu, mketi mbele, na kwenye mengineyo muombe taarifa ya kitongoji isomwe hadharani bila kutaja jina la mtu: wajawazito ni wangapi na wangapi wamehudhuria kliniki, watoto ambao hawajakamilisha chanjo ni wangapi, watoto wa umri wa shule walio nyumbani ni wangapi, wahudumu wa afya wapo wangapi na mara ya mwisho walilipwa lini. Kwetu tulianza Machi mwaka jana. Mkutano wa kwanza mwenyekiti alisema hana takwimu hizo, nikasimama nikazisoma kutoka kwenye rejesta. Mkutano wa pili alikuwa ameziandika mwenyewe. Wa tatu, mama mmoja alisimama akauliza kwa nini idadi ya watoto walio nyumbani haijapungua tangu mkutano uliopita, na mjadala wa siku ile ulikwenda mpaka saa kumi na mbili jioni.

Kaya zangu sasa ni 91. Rejesta ya kwanza imejaa, na hii mpya nimeipigia mistari mwenyewe, ikiwa na safu ya wanafunzi walioacha shule kwenye kila ukurasa. Mwenye kuihitaji kama mfano aniandikie, nitampigia picha ukurasa mtupu.